Robert Koch: daktari aliyepika supu ili avione vijidudu

Katika shule zetu nyingi za Himbi somo la mikrobi hufundishwa kwa chaki. Mwalimu anachora vijiti na vidoti ubaoni, watoto wananakili, mtihani unapita. Walimu wa makanisa yetu wametuomba zaidi ya mara moja tueleze jinsi supu ya kukuzia vijidudu inavyotengenezwa, ili wanafunzi waone kwa macho yao. Tumeona heri tusimulie maisha ya mtu aliyeipika supu hiyo kuliko karibu kila mtu wa zama zake, kwa kuwa mazuri na mabaya yake yote yanatuhusu sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, milimani Ujerumani, kati ya watoto 13 wa mtu wa migodi. Alisomea udaktari Göttingen akamaliza mwaka 1866. Ndoto yake ilikuwa kusafiri nchi za mbali, lakini alioa, akapata binti, akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hapo, kuanzia 1872, alitibu wagonjwa mchana, na saa zilizobaki akajifungia nyuma ya pazia na darubini yake. Hakuwa na chuo kikuu wala maktaba. Tunalitaja hilo kwa ajili ya walimu wanaosema kwamba bila vyombo vya Ulaya hakuna linalowezekana.

Wakati huo kimeta kilikuwa kinaua ng'ombe na kondoo wa wilaya ile. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akaiingiza kwenye panya kwa kijiti cha mti. Kisha akatafuta chakula cha kukuzia kijidudu nje ya mwili, akakipata katika maji maangavu ya ndani ya jicho la ng'ombe. Humo aliona vijiti vikirefuka kama nyuzi na kutoa mbegu ngumu zinazoweza kulala muda mrefu udongoni. Mwaka 1876 alipeleka kazi yake kwa Profesa Ferdinand Cohn wa Breslau, na jina lake likaanza kujulikana. Mwaka 1880 aliitwa Berlin.

Berlin ndiko supu ilikopata umuhimu wake. Kanuni iliyotumika katika maabara za kizazi chake ni rahisi. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta inasagwa, inalowekwa usiku kucha katika lita moja ya maji, inakamuliwa kwa kitambaa, inachemshwa na kuchujwa. Friedrich Loeffler, msaidizi wake, aliongeza peptoni, yaani protini iliyokwisha kumeng'enywa: gramu 10 kwa lita, pamoja na gramu 5 za chumvi. Kwa kuwa nyama ina asidi, waliitia magadi kidogo mpaka karatasi ya litmasi ianze kugeuka buluu. Halafu chupa zinazibwa kwa pamba, ambayo huruhusu hewa kupita na kuzuia vumbi.

Kisha supu inapikwa tena ndani ya chupa, na hapo ndipo sisi watu wa Goma tunapaswa kuwa waangalifu. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Hata kwa 100, zile mbegu ngumu alizoziona Koch haziogopi. Yeye na wenzake walitumia mvuke, wakarudia kwa siku tatu mfululizo: mbegu zilizonusurika leo zinachipuka usiku, kesho zinakufa zikiwa laini. Shule isiyo na mtambo wa maabara inaweza kutumia sufuria ya presha. Chupa zijazwe nusu tu, pamba ifunikwe kwa karatasi, na tangu sufuria ianze kupuliza zihesabiwe dakika 30 badala ya zile 15 za vitabuni, kwa sababu ya mwinuko wetu. Isifunguliwe kabla haijapoa. Peptoni ikikosekana, supu ya nyama tupu yenye chumvi na chembe za bikabonati inatosha kwa darasa.

Jaribio lenyewe ni la chupa tatu. Ya kwanza haifunguliwi kamwe. Ya pili inafunguliwa nusu saa darasani, kisha inazibwa. Ya tatu inatiwa chembe ya mkate uliokaa mezani. Zote zinawekwa kabatini kwenye joto la kawaida la chumba, si joto la mwili, maana vijidudu vinavyopenda joto la mwili ndivyo vinavyopenda kutuugua sisi. Baada ya siku mbili tatu supu iliyoingiliwa hugeuka ukungu. Ile ya kwanza ikibaki angavu, mwalimu ana la kusema. Ikichafuka nayo, basi upishi ulikosewa na jaribio zima halikuthibitisha kitu. Koch alikuwa mkali sana juu ya jambo hili.

Lakini supu ilimchosha. Ndani yake vijidudu vya kila aina huogelea pamoja, huwezi kujua nani kaleta ugonjwa. Alitaka kila aina ikae peke yake. Alijaribu vipande vya viazi vilivyochemshwa, akaona madoa ya rangi mbalimbali yakiota mbalimbali, kila doa ukoo mmoja. Kisha akagandisha supu kwa jelatini, lakini jelatini huyeyuka siku za joto. Jibu lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyefanya kazi katika maabara ya Koch, alikuwa akigandisha jemu kwa agari, unga wa mwani wa baharini, alioufahamu kupitia jirani waliokuwa wameishi Java. Agari haiyeyuki kwa joto la mwili, na vijidudu vingi haviwezi kuila. Koch aliitaja agari mwaka 1882 bila kulitaja jina la mama huyo. Kwetu sisi hilo ni deni ambalo hakulilipa. Sahani bapa yenye kifuniko ililetwa na msaidizi mwingine, Julius Petri, mwaka 1887.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya madaktari wa Berlin akaonyesha kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa urithi. Kilikuwa kimekataa supu. Alikiotesha kwa subira ya wiki nyingi juu ya majimaji ya damu yaliyogandishwa.

Mwaka uliofuata alikwenda Misri, ambako kolera ilikuwa inaua. Wafaransa nao walituma kikundi chao, na kijana mmoja wa Pasteur, Louis Thuillier, akafa Alexandria kwa ugonjwa uleule aliokuja kuuchunguza. Koch, mshindani wake, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Akaendelea hadi Calcutta, akaipata bakteria iliyopinda kama koma katika matumbo ya wagonjwa, na baadaye katika birika la maji ambamo nguo za waliokufa zilifuliwa na watu wakachota ya kunywa. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa ameiona mwaka 1854, ila hakusikilizwa. Koch alionyesha pia kwamba inafa ikikauka au ikikutana na asidi, na inastawi mahali penye magadi kidogo.

Tuseme wazi: maji ya Ziwa Kivu yana magadi. Mnamo Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia kwetu, wakanywa ziwa hili, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu. Mwamba wa volkano ulikataa hata kuchimbwa makaburi. Kolera haijawahi kutuacha tangu hapo. Kwa hiyo mwalimu wa Himbi asitie kamwe maji ya ziwa katika supu ya darasa, wala ya choo, wala makohozi, wala damu. Tone lenye bakteria chache huwa, baada ya usiku mmoja, chupa yenye mamilioni. Chupa zikishaota zisifunguliwe. Zirudi zilivyo katika sufuria ya presha kwa nusu saa, ndipo zimwagwe, na meza ioshwe kwa Javel. Na sufuria hiyo isirudi tena jikoni.

Umaarufu ulimdhuru Koch. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, akaficha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Haikuponya, na wengine walikufa. Leo inatumika kupima tu. Alimwacha mkewe, mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg aliyekuwa kijana sana, na watu wakasema mengi.

Ndoto ya safari ikatimia uzeeni. Alifika Dar es Salaam mara kadhaa kuchunguza malaria na homa za kupe, na mwaka 1905 akapata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, ambako malale ilikuwa imeua watu wengi mno. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Akaongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka kabisa. Serikali za kikoloni zilichukua pia shauri lake la kuwakusanya wagonjwa makambini, mbali na jamaa zao. Hatujui hata jina moja la waliopofuka, wakati jina la daktari liko katika kila kitabu cha biolojia. Anayemfundisha Koch darasani afundishe na Sese.

Alirudi Ujerumani mwaka 1907. Moyo wake ulidhoofika, akafa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Mwili wake ulichomwa, na majivu yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi yenye jina lake.