Georg Eberhard Rumphius

Georg Eberhard Rumphius (1627 – 15 Juni 1702) alikuwa mtaalamu wa mimea na wanyama kutoka Ujerumani. Aliishi karibu miaka 50 kwenye kisiwa cha Ambon, katika visiwa vya Maluku (leo sehemu ya Indonesia). Anakumbukwa hasa kwa vitabu viwili vikubwa, kimoja kuhusu mimea na kingine kuhusu moluska na viumbe wengine wa baharini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akiwa kipofu.

Maisha ya awali

Rumphius alizaliwa Hessen wakati wa Vita ya Miaka Thelathini. Alisoma mjini Hanau, ambako alijifunza pia Kilatini. Akiwa kijana alijiandikisha kuwa askari akitarajia kupelekwa Venisi, lakini alijikuta kwenye meli iliyokuwa ikielekea Brazil. Hakufika huko, akakaa Ureno miaka kadhaa kabla ya kurudi kwao.

Mwishoni mwa mwaka 1652 alisafiri tena, safari hii akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki. Alifika Batavia (leo Jakarta) mwaka 1653 na Ambon mwaka 1654. Kampuni hiyo ilikuwa imehodhi biashara ya karafuu na kuilinda kwa nguvu ya silaha. Mwaka 1657 Rumphius aliacha uaskari akawa mfanyabiashara wa kampuni kwenye pwani ya Hitu, kaskazini mwa kisiwa. Baada ya saa za kazi alikusanya mimea, makombe na mawe. Aliwauliza wavuvi na wanakijiji majina ya viumbe katika lugha zao, mahali vinapopatikana na matumizi yake, akayaandika yote.

Upofu na misiba

Mwaka 1670 alipoteza uwezo wa kuona. Kampuni haikumfukuza, akahamia mji wa Ambon. Tangu hapo alitambua vitu kwa kuvishika, kuvinusa na kuvionja, na waandishi waliandika maneno aliyowatamkia. Alikuwa ameanza kitabu chake cha mimea kwa Kilatini, lakini wasaidizi wake hawakuijua lugha hiyo, hivyo alilazimika kukianza upya kwa Kiholanzi. Mwanawe Paulus August alikuwa mmoja wa waliomchorea picha.

Tarehe 17 Februari 1674 tetemeko kubwa la ardhi pamoja na tsunami viliua watu zaidi ya 2,000 Ambon na pwani za jirani. Miongoni mwao walikuwa mke wake Susanna na binti yao. Rumphius aliandika taarifa ya tukio hilo. Ua moja la jamii ya okidi alilipa jina la Susanna kwa kumbukumbu ya mke wake.

Tarehe 11 Januari 1687 moto uliunguza mji, ukateketeza maktaba yake pamoja na michoro na sehemu ya miswada. Kazi ya kuchora ilianzwa tena. Mwaka 1692 sehemu ya kwanza ya kitabu cha mimea ilipelekwa Uholanzi, lakini meli ilizamishwa na Wafaransa. Kazi hiyo haikupotea kwa sababu Gavana Mkuu Johannes Camphuys alikuwa ameagiza inakiliwe kabla ya kusafirishwa.

Utafiti wa moluska

Kitabu chake kuhusu viumbe wa baharini, D'Amboinsche Rariteitkamer, kina sehemu tatu. Ya kwanza inahusu wanyama kama kaa na viti vya pwani, ya pili inahusu moluska wenye makombe, na ya tatu madini na mawe.

Wakati huo matajiri wa Ulaya walinunua makombe kama mapambo, na wengi wao hawakujua lolote kuhusu mnyama anayeishi ndani. Rumphius aliandika juu ya mnyama mwenyewe: jinsi anavyotembea, chakula chake, kama analiwa na kama ana sumu. Alitenganisha wenye kombe moja, kama konokono na kauri, na wenye makombe mawili, kama chaza.

Alieleza habari za nautilo, ndugu wa pweza na ngisi, ambaye kombe lake limegawanyika katika vyumba. Vyumba hivyo vina gesi inayomwezesha kuelea bila kuzama wala kupanda juu. Makombe matupu hutupwa ufukoni, ila mnyama mwenyewe huonekana mara chache. Picha ya Rumphius ilibaki chanzo muhimu cha habari za mwili wake hadi Richard Owen alipochapisha utafiti wake mwaka 1832.

Aliandika pia kuhusu mwanamke mtumwa wa visiwa vya Banda aliyekufa baada ya kushika konokono wa jenasi Conus. Leo inajulikana kwamba konokono hao huwinda kwa jino lenye umbo la chusa linaloingiza sumu. Spishi kadhaa za jenasi hiyo zinapatikana pia kwenye miamba ya matumbawe ya Afrika ya Mashariki, na haifai kuzishika kwa mkono mtupu.

Kifo na urithi

Rumphius alifariki Ambon tarehe 15 Juni 1702 bila kuona kitabu chake chochote kati ya hivyo viwili kikichapishwa. Rariteitkamer ilitoka Amsterdam mwaka 1705. Kitabu cha mimea, Herbarium Amboinense, kilizuiwa na kampuni kwa miaka mingi kwa hofu kwamba habari zake zingewafaidi washindani. Kilichapishwa kati ya miaka 1741 na 1750, kikiwa na maelezo ya mimea takriban 1,200.

Mwaka 1758 Carolus Linnaeus alitumia picha za Rariteitkamer alipozipa spishi nyingi za moluska majina ya kisayansi, zikiwemo Nautilus pompilius na Conus textile. Majina hayo yanatumika hadi leo. Jina la Rumphius mwenyewe limehifadhiwa katika majina ya viumbe mbalimbali, kwa mfano mmea Cycas rumphii.