Mzungu wa Kazi na Mashua Iliyokatwa Katikati

Ukitoka Bukoba kwenda Muleba, ziwa unaliacha mkono wa kushoto. Ni kwenye mwambao huu wa magharibi ambako, Agosti 1878, dhoruba iliitupa ufukweni mashua iliyoitwa Daisy. Ndani alikuwamo Alexander Mackay, Mskoti wa miaka 28. Wengi tunamjua kama mmisionari wa Uganda. Mimi namleta kama mchoraji wa mashine, maana hiyo ndiyo kazi iliyomlisha kabla hajaiona Afrika.

Alizaliwa 1849 kijiji cha Rhynie. Baba yake, mchungaji, alimfundisha nyumbani, na inasimuliwa kwamba wakiwa njiani mzee alisimama akamchorea jometri vumbini kwa fimbo. Edinburgh alisomea ualimu, kisha uhandisi, huku akishinda kwenye karakana ya Leith. Mwaka 1873 akaenda Berlin, akaajiriwa kuchora mashine. Kazi hiyo si mchezo. Unakionyesha kitu kwa juu, kwa ubavu, halafu unakipasua kwa penseli uone ndani, mpaka kila bolti ijulikane inakaa wapi. Baadaye akapewa kuongoza idara ya injini za treni. Akaacha yote, mwaka 1876 akaja huku na Church Missionary Society. (Kwetu uhayani ukoo mzima ungeitishwa kikao.)

Juni 1878 alifika Kagei, kusini mwa ziwa, akakuta vyuma vya injini ya mvuke vimetapakaa, vingine vimeshika kutu. Kwa asiyejua kuchora, lile ni rundo la chuma chakavu. Yeye alivipanga.

Sasa Daisy. Ilikuwa imeletwa vipande vipande kutoka pwani, vichwani mwa wapagazi ambao leo hakuna anayewataja. Dhoruba ilipoivunja, Mackay na mwenzake Wilson waliikata katikati, wakatoa kipande cha kama futi 8, mbao zake wakazibia mbele na nyuma, kisha wakaunga nusu mbili zilizobaki. Iliwachukua kama wiki 8. Ikatoka fupi, lakini ikaelea, na Novemba wakawa Buganda. Hapo ndipo nabishana na wenzetu wanaosema somo la kuchora ni la kupasia mtihani tu, kwamba kompyuta itamaliza. Kompyuta itakuchorea mstari, sawa. Ila kushika msumeno ukate mashua pekee uliyonayo, lazima ile fupi uwe umeshaiona kichwani, na vipimo vyake.

Buganda alichonga herufi za mbao za kuchapia, akafua chuma, na mwaka 1882 akamtengenezea mama yake Kabaka Mutesa jeneza kubwa la masanduku matatu, moja ndani ya lingine. Watu wakamwita Mzungu wa Kazi.

Mwaka 1887, chini ya Kabaka Mwanga, ikabidi aondoke, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko alianza kuunda mashua nyingine na injini yake. Malaria ilimuua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40.