Denis Burkitt, uvimbe wa taya na kirusi kinachojifunga kama pete

Mtoto wa miaka mitano akivimba taya na meno yakaanza kulegea, wazo la kwanza la mzazi ni jino bovu. Mara nyingi huwa ni kweli. Lakini ipo saratani inayoanza hivyo hivyo, inakua kwa kasi sana, na inatibika ikiwahiwa. Inaitwa saratani ya Burkitt, kwa jina la daktari aliyeitambua hapa kwetu Afrika Mashariki. Ukifuatilia maisha yake utaelewa ugonjwa huu unatoka wapi, na kwa nini chandarua cha mtoto wako kinahusika.

Daktari mwenye jicho moja

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, karibu na Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni, mwanzoni alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita Kuu ya Pili ilimleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kuwa daktari wa serikali. Miaka miwili baadaye alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957 daktari wa watoto wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, alikutana na mtoto mwingine mwenye uvimbe wa taya ambaye pia alikuwa na uvimbe tumboni. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali na kugundua kwamba uvimbe uliokuwa ukiandikwa kwa majina mbalimbali, wa taya, wa figo, wa ovari, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Wataalamu wa maabara walionyesha kwamba ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga ya mwili.

Safari ya wiki kumi

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu unapatikana wapi. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni. Kisha, mwishoni mwa 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri kwa wiki 10, maili zipatazo 10,000, wakipita Tanganyika na kushuka hadi Afrika Kusini. Kila hospitali waliyofika waliuliza swali lilelile: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Majibu yalichora ukanda. Ugonjwa ulikuwepo kwenye joto na mvua ya kutosha, na ulikuwa adimu nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 karibu na ikweta. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliona kwamba ramani hiyo inafanana na ya magonjwa yanayoenezwa na mbu. Wakadhani mbu ndiye anayebeba kirusi cha saratani. Utaona mbele kwamba ramani ilikuwa sahihi, ila mbu alikuwa amebeba kitu kingine.

Mpanda iko chini ya mita 1,500, ina joto, na malaria ipo. Kwa hiyo Shanwe imo ndani ya ukanda aliouchora Burkitt.

Kirusi chapatikana

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara jijini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Wakakubaliana sampuli za uvimbe zitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika, maji yake yalikuwa na ukungu kana kwamba yameharibika, kumbe zilikuwa seli hai zinazoelea. Seli hizo zikakuzwa, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za namna hiyo. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Pete ndani ya seli

Kirusi hiki huenezwa kwa mate. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani wanacho, na wengi hawatakaa waugue kwa ajili yake. Kwa nini mwili haukiondoi?

DNA ya kirusi, yaani maandishi ya urithi wake, husafiri ikiwa kama uzi wa shanga wenye ncha mbili wazi. Ikishaingia kwenye kiini cha chembe nyeupe, ncha hizo mbili hufungwa pamoja na uzi unakuwa pete. Mwaka 1976 Tomas Lindahl na wenzake walieleza kwamba wameiona pete hiyo kwenye seli zilizotokana na saratani ya Burkitt. Haijashonwa ndani ya vinasaba vya mtu. Inakaa pembeni, imeshikizwa kwenye kromosomu kwa protini iitwayo EBNA1, kama abiria aliyeshika bomba la basi.

Seli inapojiandaa kugawanyika, inanakili vinasaba vyake vyote. Pete nayo inanakiliwa mara moja, kwa mashine zilezile za seli. Seli ikigawanyika, kila mtoto wa seli anapata pete zake. Kirusi hakikutengeneza chembe mpya wala hakikuharibu seli, kwa hiyo askari wa mwili hawana cha kukitambulia. Na dawa za kupunguza makali ya virusi vya jamii hii hazikigusi kikiwa katika hali hiyo, kwa sababu zinalenga mashine ya kirusi ya kunakilia, ambayo wakati huo imezimwa.

Mara mojamoja kirusi huamka. Hapo huwasha mashine yake chenyewe, pete inazungushwa na kunakiliwa bila kukoma, unatoka uzi mrefu wenye nakala nyingi zilizofuatana. Uzi hukatwa vipande, kila kipande kinafungashwa kuwa kirusi kipya, na virusi hao hutoka kwenye mate.

Malaria inaingiaje?

Mbu anabeba malaria. Malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe nyeupe zigawanyike mfululizo, na huwadhoofisha askari wanaozidhibiti zile zenye kirusi. Kadiri seli zinavyogawanyika, ndivyo makosa yanavyoweza kutokea. Kosa linalojulikana zaidi ni kromosomu ya 8 na ya 14 kubadilishana vipande, na kinasaba cha kukuza seli kikabaki kimewashwa muda wote. Seli yenye kosa hilo ilipaswa kufa, lakini kirusi kinaisaidia kuishi. Huo ndio mwanzo wa saratani.

Tanzania ilichangia kulichunguza jambo hili. Kati ya 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini, watoto walipewa klorokwini ya kukinga malaria. Ugonjwa ulipungua, ingawa ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, hivyo jaribio hilo peke yake halikumaliza ubishi.

Alichoacha

Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji wa taya haukusaidia. Burkitt akajaribu dawa za saratani zilizokuwa mpya wakati ule. Baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na wapo waliopona kabisa. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa pekee. Aliondoka Uganda mwaka 1966. Baadaye alijulikana kwa kuhimiza watu wale vyakula visivyokobolewa, na hapo wapenda ugali wa dona wanaye mtetezi. Alifariki mwaka 1993.

Wewe ufanye nini?

Pete ile hatuwezi kuiondoa, na chanjo yake bado haipo. Lakini mengine yako mikononi mwako:

- Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata homa apimwe malaria siku hiyohiyo, na dawa ya mseto aimalize.
- Ukiona uvimbe wa taya au uso, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalotoka nje, tumbo linalokua haraka, au miguu inayoishiwa nguvu ghafla, nenda zahanati au kituo cha afya mara moja. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.
- Meno ya mtoto mwenye uvimbe yasing'olewe kabla hajapimwa, na uvimbe usichanjwe wala kukandwa kwa dawa za kienyeji.
- Omba rufaa. Kutoka Katavi mtoto anaweza kupelekwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Uvimbe ukipungua baada ya dozi ya kwanza, usimrudishe nyumbani. Amalize matibabu yote.
- Usimtenge. Saratani haiambukizwi, na kirusi chenyewe huenda wewe pia unacho.

Zamani Burkitt alilazimika kwenda maili 10,000 kuwatafuta watoto hawa. Wa mtaani kwako anahitaji mtu mmoja tu amwangalie taya kwa makini na ampeleke kituoni leo.