Mganga Aliyekuwa Mwalimu

Hivi karibuni tulimtembelea mgonjwa mmoja hapa Njoro, mjini Moshi. Mezani pake palikuwa na vidonge vya namna 3 katika bahasha ndogo ndogo. Tulipomwuliza kila namna ni ya kutibu nini, alitikisa kichwa. Namna moja alikuwa amekwisha kuiacha, kwa kuwa alijiona amepata nafuu. Dawa alipewa, lakini maelezo hakupewa. Tukarudi nyumbani tukimkumbuka mzee mmoja aliyefariki mwaka 1956 katika pwani ya Ziwa Tanganyika. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, hasa wazazi wenye watoto wanaosomea uuguzi na uganga.

Mzee huyo ni Adriano Atiman. Wengi hulisikia jina lake kwa sababu ya hospitali ya Sumbawanga iliyopewa jina hilo, wala hawajui mwenyewe alikuwa nani. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto aliibwa na watekaji, akavushwa jangwa la Sahara, akafikishwa Metlili, kusini mwa Algeria, auzwe kama mbuzi. Hapo Mapadre Weupe wakamkomboa, mwaka 1876. Alikuwa na umri wa miaka 10 hivi.

Twadhani yafaa msomaji atulie kidogo hapo. Mtoto huyo alichukuliwa na watu wenye nguvu kumshinda, akapelekwa asikokujua, wala hakuwa na uwezo wa kukataa. Kila mgonjwa alalaye kitandani mbele ya watu wasiomweleza jambo huonja kidogo uchungu wa namna hiyo. Atiman aliuonja mapema, na kwa kipimo kikubwa.

Shirika la Mapadre Weupe lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Lavigerie, aliyefanywa baadaye Kardinali. Yeye aliona jambo ambalo wengi wa siku zake hawakuliona. Wazungu waliokuja katikati ya Afrika walikufa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Tena, hata walioishi walibaki wageni. Kwa hiyo akakusudia kuwasomesha uganga vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, ili wawe waganga na makatekista pamoja. Alikaza kwamba vijana hao wasigeuzwe kuwa Wazungu weusi, bali waweze kula, kuvaa na kukaa kama watu watakaowatumikia. Ndiyo maana mwaka 1881 akafungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, na vijana wake wakapata mafunzo ya uganga katika Chuo Kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1888, mwaka ule ule Lavigerie alipozunguka miji ya Ulaya akihubiri kupinga biashara ya watumwa, Atiman alipanda meli kuja Zanzibar. Kutoka pwani akaenda na msafara kwa miguu mpaka Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Mwaka 1889 akafika Karema. Mahali hapo palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawaachia Mapadre mwaka 1885. Atiman alikuwa kijana wa miaka 23 hivi. Hapo ndipo alipofanya kazi mpaka kufa kwake, muda wa miaka 67.

Hakukaa kama mpita njia. Katika mwaka huo huo wa 1889 alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, na kwa ndoa hiyo akawa mkwe na ndugu wa wenyeji. Mungu aliwajalia mtoto, Yosefu, aliyepewa upadre mwaka 1923. Wajerumani wakatawala, wakaondoka. Waingereza wakashika nchi. Naye mganga wa Karema akabaki pale pale.

Wasomaji wapenzi, tusidhani kwamba aliponya kwa wingi wa dawa. Alipofika Karema hakuna daktari duniani aliyekuwa amethibitisha kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897, naye alikuwa kazini tayari kwa miaka 8. Vijidudu vya kifua kikuu vilitambuliwa mwaka 1882, lakini dawa ya kuviua haikupatikana mpaka miaka ya 1940, Atiman akiwa mzee. Kwa hiyo ilimlazimu aendelee kujifunza maisha yake yote. Kwa sehemu kubwa ya maisha hayo silaha zake zilikuwa kwinini, kisu cha upasuaji, mikono safi, na maneno ya kumwambia mgonjwa.

Naye alikuwa katekista. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo palipo fundisho kwa siku hizi. Katekista hasemi somo mara moja akaenda zake. Hulisema kwa lugha ya wasikilizaji, kisha humwuliza mwanafunzi, na mwanafunzi hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Akikosea, hawi mjinga kwa sababu hiyo: ni mwalimu apaswaye kueleza upya. Leo wataalamu wa afya wanawahimiza wauguzi wafanye vivyo hivyo. Mgonjwa asiulizwe tu kama ameelewa, maana kwa heshima ataitikia ndiyo. Aombwe kueleza mwenyewe jinsi atakavyokula dawa atakapofika nyumbani.

Hilo si jambo la adabu tu. Ni la uhai. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu hutumia dawa kwa miezi 6. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua na nguvu hurudi. Asiyefundishwa huona amepona, huacha dawa, na vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu, akawaambukiza wa nyumbani mwake. Sisi wa Kilimanjaro twaujua ugonjwa huo, kwani hospitali ya Kibong'oto imeuguza watu wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Kisukari na shinikizo la damu navyo hudai maelezo hayo hayo, maana mgonjwa hukaa na daktari dakika chache, na siku zote nyingine hujitunza mwenyewe.

Tutaambiwa kwamba wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wachache. Ni kweli, wala hatuwalaumu wanaokesha wodini. Lakini mgonjwa aliyeacha dawa kwa kutoelewa atarudi akiwa na hali mbaya zaidi, na hapo atachukua saa nyingi kuliko zile dakika 5 zilizookolewa. Wazazi nao wana wajibu wao. Mkimpeleka mzee hospitali, msitoke mlangoni kabla hamjajua dawa ni ya nini, italiwa lini na kwa siku ngapi. Kuuliza si kumkosea daktari heshima.

Atiman alipata nishani kutoka kwa Baba Mtakatifu na kwa serikali. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Akafariki miaka 5 kabla ya Uhuru, akiwa na umri wa miaka 90 hivi.

Nasi tutamrudia yule mgonjwa wetu wa Njoro, tukiwa pamoja na binti yake anayesomea uuguzi. Tumemwomba binti amweleze baba yake kila kidonge, na kile alichokiacha ampeleke akamwulize daktari. Kisha anyamaze, baba naye aeleze.