Nyerere na shamba la wanafunzi

Mtoto wa Kebirigo, katika Kaunti ya Nyamira, hukua akiwaona wazazi wakichuma majani chai na kuyapeleka kituoni kupimwa. Hujua mapema kwamba mwenye shamba ndiye huamua palilio lianze lini na bonasi itumiweje. Lakini aingiapo darasani, aghalabu mtoto huyo hana analoliamua. Hukaa, husikiliza na kunakili.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ulikusudia kuibadili hali hiyo. Hoja yake si ngeni Afrika Mashariki. Ilitolewa mwaka wa 1967 na mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka wa Isebania, miongoni mwa Wazanaki, watu ambao lugha yao ni ndugu ya Ekegusii.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mnamo Aprili 1922, mwana wa Chifu Burito na mkewe wa tano, Mgaya. Alipewa jina la mzimu wa mvua. Utotoni alichunga mifugo, na hakuketi darasani hadi alipotimiza umri wa miaka 12, alipopelekwa Shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwaka wa 1934. Huenda kuchelewa huko kulimfaa. Mchungaji hulazimika kuamua mwenyewe mifugo iende wapi, na lawama ya kosa humwangukia yeye.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu, na baadaye Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alifundisha Tabora na Pugu. Mwaka wa 1955 aliacha kazi hiyo ili aiongoze TANU, lakini jina la Mwalimu likamganda hadi kaburini.

Machi 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha, Rais Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alisema kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya wanafunzi wa msingi waliopata nafasi katika shule za sekondari, ilhali masomo yote yalielekezwa kwa hao wachache. Akataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na kila shule iwe na shamba au karakana.

Wengi hukumbuka jembe katika waraka huo na kusahau jambo la pili, ambalo ndilo lililokuwa zito. Nyerere hakutaka watoto walime tu. Alitaka wapange kazi pamoja na walimu wao, watunze hesabu za mapato na matumizi, na washiriki kuamua kama fedha zilizopatikana zikodishe trekta au zinunue kitu kingine huku wao wakiendelea kulima kwa mikono. Wakikosea, waione hasara wenyewe na wajadili sababu yake. Kwake, hesabu ya shamba la shule lilikuwa somo la hisabati, na mjadala wa mapato somo la uraia.

Hapo ndipo waraka ulipopotoshwa. Katika shule nyingi jembe lilibaki, uamuzi ukaondoka. Watoto walilima mashamba ambayo hawakuyapanga, mazao yakauzwa kwa bei wasiyoijua, na wazazi wakanung'unika kwamba watoto wao wamegeuzwa vibarua. Mtihani wa darasa la saba nao uliendelea kuamua nani aende sekondari. Lawama haiwezi kuwaangukia walimu peke yao. Mwalimu aliyezoea kupokea maagizo ya chama na serikali angewezaje kumwachia mwanafunzi nafasi ya kuamua, naye mwenyewe hana?

Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililolenga kumwingiza shuleni kila mtoto kufikia mwaka wa 1977, lilijaza madarasa na kumpunguzia mwalimu nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja.

Kenya haina la kumcheka jirani. Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka wa 1985, ulileta kilimo, useremala na sayansikimu, lakini mara nyingi kilichopewa alama kilikuwa kigoda kilichokamilika, si fikra za aliyekitengeneza. Hata katika mtaala wa sasa, kuna wazazi wanaokesha wakiunda miradi ambayo watoto wataibeba asubuhi kama yao.

Nyerere aliacha urais Novemba 1985, na hatimaye akarejea Butiama kulima. Yeye mwenyewe alikiri kwamba serikali yake ilikosea ilipovunja serikali za mitaa mwaka wa 1972 na vyama vya ushirika mwaka wa 1976, vyombo ambamo wananchi wa kawaida walikuwa wakijiamulia mambo yao. Alifariki London mnamo Oktoba 14, 1999, na akazikwa Butiama siku tisa baadaye.