Daktari Aliyetazama Mikono Yake

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria. Baba yake alikuwa mwenye duka. Alisomea udaktari mjini Vienna, Austria. Mwaka 1846 akapata kazi katika hospitali kubwa ya mji huo, upande wa wazazi.

Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Wodi ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Wodi ya pili ilikuwa ya wakunga. Mwaka 1846 wodi ya kwanza ilipokea wazazi 4,010, wakafa 459. Wodi ya wakunga ilipokea wazazi 3,754, wakafa 105. Ugonjwa uliowaua zaidi ni homa ya uzazi. Wanawake walijua jambo hili. Walipiga magoti na kulia, wakiomba wasiingizwe wodi ya kwanza. Wengine waliona heri kujifungulia njiani.

Madaktari wengi walisema ni hewa mbaya. Semmelweis hakuridhika. Hewa ni ile ile, mbona iue zaidi upande mmoja? Akaanza kujaribu. Wakunga walizalisha wanawake wakiwa wamelala ubavu. Akaagiza na wodini kwake wafanye hivyo. Vifo havikupungua. Padri alikuwa akipita wodini na kengele, akienda kwa mgonjwa mahututi. Labda kengele iliwatia wazazi hofu. Padri akaombwa apite njia nyingine, bila kengele. Vifo vikaendelea.

Mwaka 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikufa. Walipokuwa wakipasua maiti, kisu cha mwanafunzi kilimchoma kidole. Semmelweis akachunguza habari za ugonjwa wake. Ulifanana kabisa na homa ya uzazi. Basi akafahamu. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti, wakaja kuzalisha. Wakunga hawakupasua maiti.

Fikiri jambo hili lilivyokuwa zito. Yeye mwenyewe alipasua maiti mara nyingi, ili ajue kwa nini wanawake wanakufa. Kumbe mikono yake ilikuwa inapeleka ugonjwa! Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Mei 1847 aliagiza kila mtu anawe kwa maji ya klorini kabla ya kugusa mzazi. Vifo vikapungua.

Mwezi wa Oktoba wazazi wengi wakafa tena. Walikuwa wamepimwa baada ya mwanamke mwenye saratani. Semmelweis akaona kwamba ugonjwa hautoki kwa maiti tu. Akabadili agizo lake: watu wanawe kila baada ya kumgusa mgonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1848 wodi ya kwanza ilipokea wazazi 3,556, wakafa 45.

Madaktari wengi walimkataa. Nani alitaka kuambiwa kwamba mikono ya msomi inaua? Semmelweis naye alichelewa sana kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Tena barua zake kwa waliompinga zilikuwa kali. Aliwaita wauaji, na ukali huo haukumsaidia.

Mwaka 1865 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Vienna. Baada ya wiki mbili akafa huko kwa jeraha lililoingia sumu. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Mwaka 1879 Louis Pasteur wa Ufaransa aliwaonyesha madaktari mchoro wa vijidudu vya homa ya uzazi.