Ali bin Ridhwan, tabibu wa Misri aliyeueleza mji wake bila kuuficha



  

Ijumaa moja baada ya darsa alitujia kijana anayefanya kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na maswali ya afya. Anauliza maji ya kunywa yanatoka wapi, choo kiko umbali gani na kisima, taka zinatupwa wapi, jikoni kunawashwa nini. Alitueleza kwamba mzee mmoja wa mtaani alimwomba aandike kuwa choo kiko mbali. Mzee alisikia kwamba majibu haya huwekwa pamoja na ya nchi nyingine, kisha nchi zikalinganishwa, na hakupenda mji wetu uonekane mchafu mbele ya walimwengu. Kijana akauliza: kuandika hivyo ni kusitiri aibu ya Waislamu, au ni ushahidi wa uongo?

Siku ile tulimpa jawabu fupi, kwamba asiandike asichokiona. Tulipofika nyumbani tukamkumbuka mtu ambaye jambo hili lilimfika karibu miaka 1,000 iliyopita, na tukaona ni vyema tusimulie habari zake.

Huyo ni Abul Hasan Ali bin Ridhwan, tabibu mashuhuri wa Misri. Alizaliwa Giza, ng'ambo ya mto Nili mkabala wa Fustat, mwishoni mwa karne ya 10 Miladia, katika zama za Makhalifa wa Kifatimiya. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na nyumbani hapakuwa na mali. Ali alivuka mto akiwa bado mtoto kutafuta elimu, na alipofika umri wa miaka 14 akaanza kusoma tiba na falsafa. Fedha za kuwalipa walimu hakuwa nazo, kwa hiyo alisoma peke yake vitabuni, hasa vya Hippocrates na Galen vilivyokwisha tafsiriwa kwa Kiarabu. Riziki yake aliitafuta kwa kutibu, kwa kufundisha na kwa unajimu. Huo unajimu wa kubashiri mambo hatuuhalalishi, na yeye ameshakwenda kwa Mola wake.

Lakini macho yake yalikuwa ya mpimaji tangu ujana. Mwaka 1006 ilitokea nyota mpya angani, inayohesabiwa na wanajimu wa leo kuwa miongoni mwa nyota zilizong'ara kuliko zote katika historia iliyoandikwa. Waliishangaa watu wa nchi nyingi. Ibn Ridhwan, ambaye ndio kwanza alikuwa anaanza masomo, aliiweka katika vipimo. Ukubwa wake aliulinganisha na Zuhura, mwanga wake akaulinganisha na robo ya mwanga wa mwezi, na akataja mahali ilipokuwa jua na sayari siku hiyo. Ni kwa sababu ya hesabu hizo wataalamu wa leo bado wanamrejea.

Akapanda daraja mpaka akawa mkuu wa matabibu katika dola ile. Hakuwa mtu mwepesi kukaa naye. Aligombana na wengi, wa kale na wa zama zake, na mzozo wake na Ibn Butlan, tabibu Mkristo aliyekuja Misri kutoka Baghdad mwaka 1049, ulianza kwa suala la kifaranga cha kuku na kinda la ndege, lipi lina joto zaidi, ukamalizikia kwenye matusi ya sura na nasaba. Ibn Ridhwan hakujaaliwa uzuri wa uso, na wapinzani wake hawakumwacha asahau. Alishikilia pia kwamba kusoma kwa vitabu ni bora kuliko kusoma kwa mwalimu. Sisi tuliopiga magoti mbele ya masheikh wetu hatukubaliani naye hata kidogo, na tunadhani ukali wake ungepungua lau angelipata mwalimu wa kumrekebisha.

Sasa tuje kwenye risala yake, ile aliyoiandika juu ya kuzuia madhara ya miili katika ardhi ya Misri. Kabla yake, Ibn al-Jazzar, tabibu mkubwa wa Qayrawan, alikuwa ameandika kitabu kueleza kwa nini Misri ni nchi ya maradhi. Ibn Ridhwan alikisoma akakasirika. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mwandishi yule hakuishi Misri wala hakuijua, bali ameihukumu nchi kwa yaliyomfikia akiwa mbali.

Msomaji anaweza kutarajia kwamba Mmisri huyu aliyeghadhibika atakaa kuisifu nchi yake. Sivyo alivyofanya. Aliushika mji wa Fustat, mji aliokuwa anaishi, akauchambua kwa namna ambayo Ibn al-Jazzar asingeliweza. Alisema mji umo bondeni, na mlima Muqattam ulio mashariki yake unauzuilia upepo. Vichochoro ni vyembamba na majumba ni marefu, kwa hiyo hewa haitembei. Paka, mbwa na wanyama wengine wakifa hutupwa njiani wakaozea hapo hapo. Mizoga mingine hutupwa Nili, na vyoo navyo humwagikia Nili, kisha watu wanakwenda kuteka maji ya kunywa katika mto huo huo. Majiko ya hammamu yanatoa moshi mwingi. Vumbi wakati wa kiangazi linaingia kooni, nguo iliyovaliwa safi asubuhi haimalizi siku, na mtu akitoka kwa haja yake anarudi na vumbi usoni na ndevuni. Jioni upepo ukitulia, unauona ukungu mweusi umetanda juu ya mji.

Hebu tuitazame ile nguo. Hakuwa na mashine ya kupimia hewa, na alichokuwa nacho ni kanzu safi na saa za mchana. Leo vumbi hupimwa kwa mikrogramu katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokipendekeza kwa chembe zile ndogo kabisa, kwa wastani wa mwaka, kutoka 10 hadi 5. Kipimo kimebadilika. Kusudio la kutafuta alama moja ambayo mtu wa Fustat na mtu wa mji mwingine wote wanaweza kuiangalia ni lile lile, na alama za namna hiyo ndizo zinazoitwa siku hizi viashiria vya afya ya mazingira.

Kisha akaulinganisha mji wake na jirani. Mji wa Qahira, uliojengwa na Wafatimiya kaskazini ya Fustat, aliuona ni bora kwa hewa, kwani watu wake wengi walizitoa taka zao nje ya mji. Hata hivyo hakuupa cheti. Alisema visima vyake viko karibu na uso wa ardhi, hivyo haiepukiki kwamba yanayotoka vyooni yanapenyeza kidogo kidogo ndani ya maji.

Jambo hili la visima limechukua muda mrefu kuingia katika hesabu za dunia. Katika malengo ya milenia yaliyomalizika mwaka 2015, kisima kikishajengewa na kufunikwa vizuri kilihesabiwa kuwa ni chanzo bora, na nchi ikapata sifa yake bila ya lazima ya kuyapima maji yenyewe. Malengo yaliyofuata yaliongeza masharti. Maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na vijidudu vya kinyesi wala kemikali za hatari. Kwa kipimo cha kwanza visima vya Qahira vingelipita, na kwa cha pili visingelipita. Serikali inayotazama kipimo cha kwanza tu itapeleka fedha kwengine ikidhani hapo kazi imekwisha.

Risala ile ina jambo jengine ambalo tunaliona ndilo zito zaidi. Ibn Ridhwan alitofautisha maradhi ya mji na maradhi ya mripuko. Maradhi ya mji ni yale yanayorudi kila mwaka pamoja na misimu na kujaa kwa Nili, na miili ya wenyeji imeyazoea. Mripuko hutokea hali inapotoka nje ya kawaida yake. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kuna mripuko ni lazima kwanza aijue kawaida ya mji huo, na kawaida haijulikani ila kwa kuandikwa mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo alipoona Ibn al-Jazzar amekosea, kwa kuichukua kawaida ya Misri akaifanya balaa. Katika sababu za mripuko alitaja hewa, maji na chakula vinapobadilika, akaongeza ya nne: khofu inayowakumba watu wote, kama kumuogopa mtawala au kuogopa njaa, mpaka usingizi ukawapotea.

Njia za kujikinga nazo alizitaja, kama kuteka maji katikati ya mto pale mkondo unapokwenda kwa nguvu, kuyachemsha na kuyachuja. Yote hayo ni ya mtu na mtungi wake. Kwamba mtawala awakataze watu kutupa mizoga mtoni, hilo halikuwa ndilo alilolishughulikia, ingawa alikuwa na nafasi ya kufika mbele ya wakubwa. Tunaona ni upungufu katika kazi kubwa.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwanahistoria wa matabibu Ibn Abi Usaybi'a anasimulia kwamba katika miaka ya njaa na maradhi yaliyoipiga Misri, Ibn Ridhwan alimchukua mtoto yatima wa kike akamlea nyumbani kwake. Siku moja binti yule alikimbia na mali yote, inayokisiwa dinari 20,000, na hakuonekana tena. Akili ya mzee ikayumba tangu hapo, akafariki baada ya katikati ya karne ya 11. Allah amrehemu. Vitabu vyake vilivuka bahari, na wasomi wa Ulaya wakamsoma kwa Kilatini.

Tukirudi kwa kijana wetu: kusitiri tulikoamrishwa ni kwa aibu ya mtu iliyo baina yake na Mola wake. Kisima wanachokunywa majirani hakimo katika hayo, na Mtume wetu ametukataza kukidhi haja katika maji yaliyotuama na katika njia za watu. Ardhi yetu ya Unguja, penye mawe ya matumbawe, maji hupita upesi katika nyufa zake, hata umbali wa mita 30 unaoelekezwa sehemu nyingi baina ya choo na kisima huenda usitoshe.

Kijana alirudi kwa yule mzee na kamba ya kupimia. Wakapima pamoja, mzee mwenyewe ameshika ncha moja. Zilitoka mita 11, na ndivyo ilivyoandikwa.